Ulisoma Swali, Ukaacha Jibu

Haifa

Kwako Baba mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta Kitale ukiwa mzima, wewe na Mama, na kwamba goti limetulia tangu mvua ilipokatika. Mimi mwili uko salama. Roho ndiyo inauma, na aliyeiumiza ni wewe. Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu nikianza tu kulalamika, unaanza kuniombea.

Nafula alinipigia Jumapili. Akasema, “Mama, Anko Wekesa amehamia kwa nyumba yetu. Ati guka ndiye alisema ni sawa.” Nilikuwa namkatia nyanya bibi kizee ninayemtunza. Niliweka kisu chini nikamwuliza mtoto mara tatu kama ni wewe kweli, guka, babu yake wa Kitale.

Baba, tulipomzika mume wangu Wafula pale kwao Kamukuywa, ni wewe uliyesimama kaburini ukasema atafufuka. Wazee wa kwao walipotaka nirithiwe na mdogo wake Wekesa, nilikataa, nawe ukanitetea. Ulisema binti yako si jembe la kupokezana. Kwa neno lako hilo nilimwachia mama mkwe mtoto, nikafunga nyumba yangu, nikaja huku kazini.

Kumbe walisubiri nipande ndege, wakakuita kikaoni, ukaenda na Biblia! Shemeji zangu wa kike wameniambia ulivyosema: “Si ni Musa mwenyewe alisema, ndugu akikufa, ndugu yake achukue bibi?” Kisha ukafunga kitabu, mkanywa chai.

Baba, yale ni maneno ya Masadukayo. Ni wewe uliyenifundisha kisa kile nikiwa mdogo: mwanamke mmoja, ndugu saba, siku ya ufufuo atakuwa wa nani. Nilipomsimulia bibi huyu, ambaye ni Myahudi, aliwajua hao Masadukayo mara moja. Walikuwa watu wa hekalu, waliosema mtu akifa amekwisha. Mafarisayo waliwapinga, na yeye mwenyewe kila siku anamwomba Mungu anayefufua wafu. Nawe ulituambia Wayahudi wote hawaamini! Akaniambia, “Hao hawakumhurumia huyo mwanamke. Walitaka kucheka.”

Ulisoma swali la wasioamini ufufuo, ukaacha jibu la Yesu, na jibu unalijua. Tena Musa alisema juu ya aliyekufa bila mtoto. Nafula ni nini, kuku?

Najua unaogopa wakwe wakuone mgeni asiyeheshimu mila zao. Najua pia Yesu alijibu kwamba waliofufuka hawaoani. Sikuomba kuolewa kule, Baba. Niliomba nisiozwe hapa. Nimelia mpaka bibi kizee ndiye akanipikia mimi chai.

Rudi Kamukuywa. Wakusanye walewale, usome mpaka mwisho, Wekesa akisikia, kisha atoe vitu vyake. Ukishindwa, mpe Nafula Biblia. Anasoma vizuri.

Mwambie Mama nampenda, na blanketi lake nimeshalinunua. Mama mkwe mpe pole, najua hakuulizwa. Nafula alale kwa nyanya yake hadi nirudi. Naye Wekesa msalimie. Mwambie mke wa ndugu yake anamsalimu.

Ni mimi bintiyo,
Wanjiru, mama Nafula