Chai ya Mama Furaha

Alhamisi, Nateete

Na mimi ndiye niliyemwambia Mama Furaha kwamba kuacha chai ni kitu kidogo. Sisi Wamormoni hatunywi, na yeye anabatizwa Jumapili. Nikajisifu: mtoto wa Kericho, nimekulia kwenye majani ya chai, lakini niliiacha siku moja tu, kichwa hakikuuma hata kidogo.

Leo kaka yake mkubwa amefika kutoka Goma. Huyo akikataa, hakuna ubatizo. Mama akamchemshia chai ya maziwa, na kaka akamimina vikombe vitatu: chake, changu na cha mmisionari mwenzangu, Mmarekani, ambaye Kiswahili kikikolea hunitazama mimi.

"Mtumishi, chai ya dada yangu ina ubaya gani?"

Ubaya ni ile tangawizi. Mate yalishanijaa.

"Daktari amenikataza, kaka."

"Wewe, usidanganye wakubwa," Mama akasema. "Kaka, hawa wameacha kwa ajili ya Mungu. Na mimi nimeacha. Kichwa kimeniuma siku nne."

Kaka akavivuta vikombe vyote upande wake.

"Jumapili nitakuja kuona hayo maji yanayoshinda chai."

Siku nne, na amesema mbele za watu. Mimi kichwa kiliniuma wiki mbili. Kesho nitamwambia.