Kaburi la Kuonyesha Wageni

Mbalibali, Serengeti
Jumatano, 12 Juni 2024

Shemeji yangu Eugenia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Nyamisangura, Tarime, mguu umepona na duka linakwenda. Huku hatujambo. Binti yako Naomi amekuwa wa tatu kidato cha pili, na ugali wangu anaumaliza bila kuusifu.

Yale madarasa yaliyoezuliwa na upepo yamejengwa upya. Ni mazuri, siwezi kusema uongo. Wafadhili ni walewale wanaomnunulia Naomi vitabu na sare, na wameahidi kumsomesha hadi chuo. Ninayemdharau ni Baltazar, mratibu wao hapa, mtu wa kizibao chenye mifuko minane isiyo na hata kalamu. Shajara yangu ya tarehe 3 Juni inasema: leo Baltazar amewavua watoto viatu. Viatu hivyo vililetwa na wafadhili haohao mwaka jana, lakini yeye anadai mtoto mwenye viatu hapendezi kwenye picha. Tarehe 5 akawafundisha kuimba kwa huzuni. Mmoja alicheka, akarudishwa mstari wa nyuma. Mwalimu Shani, aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga, akamuuliza Baltazar kama na walimu wavae magunia. Bwana mkubwa akajibu kwamba wazo si baya.

Jana alikuja nyumbani na mkokoteni wa mawe. Alisema wageni, yaani wafadhili, watafika Jumamosi na wameomba kuweka maua kwenye kaburi la mama yake Naomi. Kwa kuwa sisi Wakurya tunazika nyumbani, alisema, kaburi lisipoonekana watauliza. Akaanza kupanga mawe yake kando ya kaburi la mumeo, marehemu kaka, huku akipiga mluzi.

Naomi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimwambia kwamba mama yake yuko Tarime anauza vitenge, na kama anahitaji maiti kiasi hicho, achimbe shimo kwa kipimo chake mwenyewe. Baltazar akamwita mtoto asiye na shukrani, akaapa kufuta jina lake. Kisha akanigeukia, akacheka, akaniambia nimweleze mtoto ni nani aliyeanza.

Shemeji, ni mimi. Tarehe 11 Februari mwaka jana nilijaza fomu ya ufadhili ya Naomi. Baltazar alikuwa amesema wanaotangulia ni waliofiwa na wazazi wote wawili. Hakunilazimisha. Niliandika kwamba ulifariki mwaka 2019 kwa malaria, nikapigia tarehe mstari kwa rula. Nimemsimanga mtu huyu kurasa arobaini za shajara, na ukurasa wa siku ile niliuacha mtupu.

Leo alfajiri nimeyatoa mawe yote uani. Tafadhali njoo Jumamosi kabla ya saa nne. Nitakutambulisha kwa wageni na kuwaambia aliyedanganya ni nani, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Huenda Naomi akapoteza ufadhili. Nilipomwambia hivyo, alinijibu kwamba tutalima, na tangu hapo hajanisemesha. Ukiamua nawe kutonisemesha, ni haki yako, lakini njoo. Na uje na kitambulisho chako, maana Baltazar atasema nimekodi mwanamke.

Nisalimie jirani yako Mama Ikram. Wa hapa wanakusalimu, wasiojua na sisi tunaojua.

Shemeji yako,
Waitara