Kiumbe wa Mirihi

Los Angeles, Novemba 1961

Dada Lorene,

Huku jua linawaka kama vile hakuna majira ya baridi. Je, Mama bado anakunywa supu kidogo?

Ijumaa nitatokea kwenye mchezo wa televisheni, ila nimeigiza kiumbe wa sayari ya Mirihi. Tulikuwa wanne, sote tumevalishwa vichwa bandia vya mpira. Irv, anayetupaka vipodozi, alinitania huku akinibandika gundi shavuni: "Tulia, bibie! Hata mama yako mzazi hatakujua." Nikacheka na wenzangu.

Umeniandikia kwamba Mama hataifikia Krismasi, na kinachomshikilia ni kungoja kuniona kwenye televisheni. Macho yake yamefifia. Basi akiuliza niko wapi, mwonyeshe yule msichana wa mchezo huo anayebaki peke yake duniani, akilia. Mwambie ndiye mimi.

Mdogo wako,
Ardith