Kinu Nilichokufungia

Mama,

Mkwe wako bado yuko hapa, juu ya kabati. Ndivyo ulivyomwita yule mwanaume mwenye mikono minene kwenye picha ya kopo la poda ya misuli, kwa kuwa mimi sikukuletea mkwe mwingine. Kila asubuhi nilipokukorogea vijiko viwili ndani ya uji uliniuliza, "Mukwe yangu ameamuka?" Nikikumbuka nacheka, halafu nalia.

Nilitaka usimame. Ugonjwa ulikuwa umekulaza hadi miguu ikabaki mifupa, na muuzaji aliniapia kwamba poda ile ina asidi amino, chakula chenyewe cha misuli. Nikaamini. Nikitoka kwenda kufundisha nilikuachia neno lilelile: "Ikala tu, mama." Kaa, usiguse kitu, usije ukaanguka.

Ukapata nguvu kweli. Ulifika mlangoni, kisha kwa jirani yetu Mama Zawadi. Nikasifu kopo, nikanunua la pili. Hadi siku niliporudi mapema nikakukuta uani, umeegemea ukuta, unatwanga majani ya muhogo ya sombe, jasho linakutiririka. Kumbe ulifanya hivyo kila siku, na mimi naishangilia poda! Niliogopa, mama. Nikakukalisha, nikafungia kinu chumbani, ufunguo nikautia mfukoni. Ukaniambia polepole, "Mutoto yangu, unanifunga mimi, haufungi kinu." Nikadhani ni hasira za uzee.

Vijiko viwili havikukosekana hata siku moja. Miguu ikarudi kuwa mifupa. Homa ya mapafu ilipokuja, ilikukuta umelala.

Baada ya mazishi, yule muuguzi aliyekuwa akikutibu alikuja kunipa pole. Nikamuuliza kama niliuziwa poda ya uongo. Alijibu bila kunilaumu: "Poda haikuwa mubaya. Lakini musuli yenye haitumike, utailisha ya nini?" Akaongeza kwamba homa ile huchukua hata wenye miguu mizima. Najua alitaka kunituliza. Nilikupenda, mama, na kwa upendo huohuo nikakudhoofisha. Nisamehe.

Sasa mdogo wako amekuja kutoka Rutshuru kukaa nami. Magoti yake unayajua. Jumamosi aliomba kinu. Lile neno likafika mdomoni, nikalimeza. Nikafungua chumba, nikakiweka palepale ukutani, nikasogea kumshika kiwiko. Mama mudogo akautoa mkono wangu. "Ikala weye," akasema.

Nikakaa. Alitwanga, akapumzika, akatwanga tena, akinisimulia jinsi mlivyokuwa mkigombania mchi mkiwa wasichana. Sombe ilibaki na vipande vikubwa. Niliila yote.

Ufunguo nimempa yeye. Nakuahidi, katika nyumba hii hakuna mama atakayekalishwa tena kwa sababu mimi naogopa.

Pumzika, mama. Na ukichoka kupumzika, simama. Sitakukataza.

Mtoto wako,
Neema