Nguzo Nne za Mto Mkavu

Jumatatu, 9 Mei
Miezi saba na siku nne tangu niondoke nyumbani Kanye, kule kusini. Leo nimepanda farasi kukagua uzio wa maradhi, ule wa mpakani wa kuzuia ng'ombe wagonjwa. Kwenye mto mkavu tembo wameangusha nguzo nne, seng'enge imelala chini. Ng'ombe wa Zimbabwe wanavuka watakavyo. Nimemwambia bosi, Rra Mosinyi, mara ya tatu sasa. Eti seng'enge inakuja. Tangu Machi inakuja! Inatembea kwa miguu?

Alhamisi, 12 Mei
Nimekuta ng'ombe mwekundu upande wetu, alama yake siijui. Mnyama aliyepotea humwachi porini — unamfungia, unamnywesha, mpaka mwenyewe atokee. Ndivyo tulivyolelewa. Nikamswaga hadi zizi la mama jirani, Mma Gabaake. Ndiye anayenitunzia mitamba wangu sita: wakizaa, ng'ombe wangu, maziwa yake. Hao ni mahari ya mchumba wangu Boitshepo. Kaka zake wanawasubiri tangu mwaka juzi.
Mma Gabaake kanipa maziwa mgando. Kasema nimekonda kuliko nguzo zangu.

Jumanne, 17 Mei
Yule mwekundu anachechemea, mate yanamtoka kama povu la sabuni. Tumemfungua mdomo: ulimi umebabuka. Mtamba wangu mwenye baka jeupe naye hataki kula. Ugonjwa wa miguu na midomo. Nilifundishwa ofisini, siku tatu, kwa picha! Nikasahau yote kwa ajili ya mnyama mmoja mwenye kiu.
Mimi mwenyewe nimempigia redio daktari wa mifugo, kabla sijapata akili ya kunyamaza.

Alhamisi, 19 Mei
Daktari kathibitisha. Mazizi yote hadi barabara ya lami, ng'ombe watapigwa risasi. Serikali italeta wengine baadaye. Baadaye! Kama seng'enge.
Mma Gabaake aliuliza tu kama anaweza kukamua asubuhi ya mwisho. Kakatazwa, maziwa nayo yana maradhi. Hakunilaumu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Bora angenitukana.

Ijumaa, 20 Mei
Rra Mosinyi kaja na karatasi. Inasema uzio ulikuwa mzima hadi Jumatatu hii. Inataka jina langu chini.
"Tia sahihi, mdogo wangu. Kisha swaga mitamba wako kusini. Mimi sitaona."
"Na wa Mma Gabaake?"
"Anayeoa ni wewe au yeye?"
Akacheka peke yake. Mshenzi. Niwaswage hadi Kanye na mate yao, wamalize zizi la baba, na la kina Boitshepo pia? Ananiona mbumbumbu kwa sababu niliishia darasa la sita.
Lakini wanne kati ya sita bado wanakula vizuri. Jioni nimewatazama mpaka giza likaingia. Wanne! Kusini ni pale tu.

Jumamosi, 21 Mei
Kesho wanapiga risasi. Nimepangwa kushika lango, kwa sababu ng'ombe wananijua. Mma Gabaake kasema nimtangulize mwenye baka jeupe, wenzake humfuata bila fujo. Nimesema sawa, Mma.
Karatasi ninayo mfukoni, haina jina. Nyuma yake nimeandika siku zote tatu nilizoripoti zile nguzo. Daktari atakuwepo asubuhi, naweza kumkabidhi. Rra Mosinyi naye atakuwepo, na kibarua changu kimo mkononi mwake.
Dereva wa lori la maji anaelekea kusini. Nimemtuma kwa Boitshepo: awaambie kaka zake nitafika wiki ya kwanza ya Juni, na nyuma yangu hakuna ng'ombe atakayefuata.