Senti ya Baba Iliyonasa Kwenye Mashine

Mtaa wa Thames,
Groton, Connecticut.
Tarehe 8 Oktoba, 2023.

Mpendwa dada yangu Odile,

Nakusalimu salamu nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, ingawa hilo si jambo gumu. U hali gani? Na moyo wako nao u hali gani? Mwanao Claudette aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unapanda ngazi tatu, unapumzika, unaitukana ya nne. Nikajua bado uko vilevile. Mimi sijambo. Goti la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio, na meno yangu yako salama ndani ya glasi.

Huko Tucson najua jua bado linawakaanga. Huku majani yameshaanza kuwa mekundu na asubuhi ukungu unaficha mto wote. Jumanne nyambizi moja ilitoka kwenda baharini. Niliipigia saluti nimesimama kibarazani na suruali ya kulalia, kikombe cha kahawa mkononi. Jirani alifunga pazia. Hana heshima kwa jeshi la majini yule.

Bahasha yako imefika. Nilipoipapasa tu nikajua kilichomo. Barua yenyewe fupi kama hasira zako: "Alcide, safari hii ninayeshuka ni mimi. Nitunzie." Dada, nilikaa jikoni na ile senti kiganjani mpaka supu ya kombe ikaungua, sufuria nikaitupa nje.

Maana miaka yote mtunzaji ulikuwa wewe. Mama alikuwa akisimulia jinsi Baba alivyokuwekea mkononi mara ya kwanza, mwaka 1943, una miaka minne. Senti mpya ya chuma, inang'aa kama kijiko, kwa kuwa shaba yote ilikuwa imechukuliwa na vita. Sheria akaitunga palepale mlangoni, begi begani: anayeshuka chini ya maji anamwachia anayebaki nchi kavu, na akirudi anaichukua mwenyewe, kwa mkono wake. Wakati wa kurudi haitumwi wala hapewi mtu mwingine. Baba aliichukua mara tano. Mimi katika miaka yangu ishirini ya kuzama niliichukua mara kumi na tisa. Na kila mara ulikuwa umesimama pale gatini, ngumi umeifumba. Isipokuwa ile ya mwaka 1966 uliponiambia umeinunulia peremende. Nilikaribia kulia mbele ya manowari nzima. Sijakusamehe.

Sasa kaa chini. Kama umekaa, shika meza.

Unajua kwamba kila Jumatano na Jumamosi najitolea pale makumbusho ya nyambizi, nasimamia ile mashine ya kubonda senti. Watu wanatumbukiza robo dola mbili na senti yao, wanazungusha mpini, senti inapita kati ya rola mbili na kutoka imelegea kama ulimi wa mbwa wakati wa joto, ina picha ya nyambizi. Wazee wazima wanacheka kama wametekenywa. Mimi kazi yangu ni kuwachagulia senti. Za kabla ya 1982 ni shaba tupu, zinatoka kama dhahabu. Za siku hizi ni zinki iliyopakwa rangi, zinatoka na mabaka kama paka mgonjwa. Na za chuma za 1943 ni mwiko kabisa, hazibondeki. Bango niliandika kwa mkono wangu: SENTI ZA CHUMA MARUFUKU. ZITAVUNJA MASHINE NA MIMI NITAKUVUNJA WEWE. Verna, yule anayesimamia duka letu, alinilazimisha kufuta nusu ya pili.

Basi likaniingia wazo. Nitaibonda senti ya Baba, nyambizi itokee juu yake, niitoboe tundu, nikununulie na mkufu. Ukitoka hospitali ukaja kuichukua, utakuta pambo la shingoni! Usimlaumu Shetani. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, nilifanya peke yangu. Nikajiambia, mimi si fundi wa mitambo? Nikaiweka kwenye moto wa jiko mpaka ikawa nyekundu, nikaiacha ipoe polepole kwenye majivu, kama tulivyokuwa tukilainisha chuma karakanani. Nikaiuma kwa meno. Nikaona imelainika. Kumbe yaliyolainika ni meno.

Jana, Jumamosi, nikaipeleka. Delbert, mjitolea mwenzangu, yule anayesimamia topedo, yale makombora ya nyambizi, niliyekueleza kwamba anakoroma akiwa amesimama, akaja kuchungulia.

"We Alcide, mbona hiyo senti nyeusi?"

"Imeungua jua."

"Hebu lete sumaku tuipime."

"Delbert, nenda kapanguse topedo zako. Zimekukumbuka."

Nikazungusha. Nusu mzunguko ikaenda vizuri. Halafu, kraa! Mpini ukagoma. Nikauvuta, haurudi. Nikausukuma, hauendi. Nyuma yangu foleni ya watu wa Ohio, kila mmoja na senti yake mkononi. Verna akaja na funguo zake shingoni, unazisikia kabla hujamwona.

"Nani ametia chuma humu?"

Nikalitazama bango.

"Tumuulize mwenye bango," Delbert akasema, uso umejaa furaha.

"Alcide? Wewe? Wewe mwenye mwandiko?"

"Binti yangu, hata padri huungama."

"Usiniite binti. Toa mkono kwenye mpini!"

Watu wakacheka. Mimi nilitaka kucheka nao, dada, lakini mdomo ulikataa. Nilikuwa nasikia neno lako moja tu: nitunzie. Chini ya bahari niliwahi kuona bomba likipasuka na maji yakiingia kama risasi, na mikono hii ikaliziba. Jana haikuweza hata kugeuza mpini. Alhamisi wanakufungua kifua, na senti yako iko tumboni mwa mashine ya wageni. Kitu ambacho wewe ulikitunza miaka themanini, mimi nimekaa nacho siku tisa.

Nikawaeleza wote wawili ukweli: wewe, Baba, moyo, kila kitu. Verna akatundika karatasi ya IMEHARIBIKA, akawapeleka watu wa Ohio wakanywe kahawa ya bure, akarudi na sanduku la spana. Delbert akalala chali sakafuni na tochi mdomoni, yeye na mgongo wake ule. Tulifungua ubavu wa mashine, tukalegeza gia moja moja. Saa mbili nzima. Na tochi mdomoni bado akapata nafasi ya kuniuliza:

"Eti wewe ndiye ulikuwa fundi wa nyambizi? Sasa naelewa kwa nini zilikuwa zinazama."

Ikatoka. Dada, sitakudanganya, imeharibika. Nusu imebondwa, nusu haikubondwa. Lincoln amepoteza kisogo, ila pua yake ipo na 1943 ipo, inasomeka bila miwani. Upande wa pili imekuwa nyembamba, imerefuka, na imetokea pua ya nyambizi tu, yaliyobaki hayakuwahi kufika. Ni kama inaibuka kutoka kwenye shingo ya rais. Kitu kibaya sana kukitazama. Nimekitazama tangu jana.

Rola nayo imepata mkwaruzo, na kila senti sasa inatoka na mstari baharini. Verna anawaambia wageni ni wimbi. Mimi nimeondolewa kwenye mpini mwezi mzima, nitapangusa topedo chini ya amri ya Delbert. Adhabu hiyo ingetosha kwa muuaji.

Claudette alinionya nisikuandikie la kukushtua kabla ya Alhamisi. Ni mpwa wangu, nampenda, lakini hakuwahi kusimama gatini. Mtunzaji hafichi. Na ningekaa kimya ungenisikia kwenye simu, wewe unanusa uongo wangu tangu nilipokula keki ya ubatizo.

Delbert anasema niitume kwa posta ya haraka, uwe nayo kitandani, ikupe moyo. Siitumi. Sheria ni sheria, na nimeshavunja za kutosha wiki hii. Kwa hiyo Alhamisi wakikulaza usingizi, shuka ukijua kwamba mdogo wako mpumbavu ameiharibu senti ya Baba na hajachapwa bado. Hiyo hasira ishike vizuri, usiiache huko chini. Panda nayo. Kisha upone, upande ndege, uje huku unichape.

Nisalimie Claudette, na mwambie asinipigie simu ya makelele kabla ya saa mbili asubuhi. Msalimie Harlan mumeo, nasikia bado anaamini anajua kupika. Mpapase yule paka mnene. Verna anakusalimu bila kukujua. Delbert naye, ingawa simruhusu.

Mungu, na Mama, na Baba kama ameruhusiwa kuingia, wakusimamie siku hiyo wote watatu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kuliko unavyostahili,

Alcide

Nilitaka kusahau: senti iko kwenye kopo la kahawa juu ya jokofu, palepale ulipokuwa ukiiweka yangu. Usimtume Claudette. Sitampa.