Mabati ya Chilende

Jumatatu, 21 Septemba

Kitongoji cha Chilende hakimo kwenye orodha. Kathibitisha Bi Anitha, mtaalamu wa takwimu wa mradi wa maji, kwa simu, nilipotoka tu studio kusoma bei za korosho.

Orodha ni ya vitongoji vyenye hali ngumu zaidi kule juu Newala, uwandani. Vitakavyoingia vitavutiwa bomba na kujengewa tangi. Vitakavyobaki nje vitangoja mradi mwingine. Lini? Hakuna ajuaye.

Nimemuuliza vigezo. Kajibu bila kukwepa. Picha za setilaiti zinaonyesha ukijani wa ardhi na aina ya paa. Takwimu za kaya zinaonyesha kipato. Vyote vinajumlishwa, kila kitongoji kinapata alama. Chilende ni kijani mwaka mzima na karibu kila nyumba ina bati. Hesabu imetoka kwamba Chilende wana nafuu.

Chilende naijua. Iko kata ya Mnyambe, Newala. Kijani kile ni mikorosho. Maji hakuna.

Wa kwanza kwenye orodha ni kitongoji cha bondeni chenye nyumba za nyasi. Chemchemi iko mlangoni kwao.

Nimemwambia sielewi. Kasema hata yeye ile picha inamsumbua kidogo, lakini kusumbuliwa si takwimu. Orodha inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumanne, 22 Septemba

Nimepanda Newala na Komba, dereva wa redio. Mngoni wa Songea, mdomo haufungi.

Mwenyekiti wa kitongoji ni Mama Somoe. Mwanamke mrefu, mkulima wa korosho na muhogo. Alikuwa shambani anaokota korosho, ndoo ya mabibo, tunda la korosho lenye maji, pembeni. Kabla sijamaliza kusalimia, yeye na Komba walishaanza utani wao. Wamakonde na Wangoni ni watani, ndiyo mchezo wenyewe.

Gari lilikuwa limechemka kwa kupanda. Komba akaomba maji ya rejeta. Mama Somoe akamkabidhi ile ndoo ya mabibo.

"Kamulia humo, mtani. Ndiyo maji ya Chilende hayo."

Komba alicheka mpaka akashika boneti. Ikamuunguza. Akacheka zaidi.

Nikauliza habari ya mabati. Jibu lake nimelirekodi. Nyasi hazikingi mvua. Ukitaka maji ya kunywa huku juu, unahitaji bati, mfereji chini ya bati, na kisima kilichosakafiwa ardhini. Kwa hiyo korosho za kwanza za kijana aliyeoa zinanunua bati. Kitanda baadaye. Kuta baadaye pia: nyumba yake mwenyewe ni udongo mtupu, nyufa zinaingia mkono. Picha inapigwa kutoka juu. Ukuta hauonekani.

Nimefunua kisima chake. Kikavu tangu mwezi uliopita. Kuna chura mmoja, naye amekonda.

Sasa wanateremka bondeni kuchota. Binti yake, Somoe, anatoka alfajiri, anafika shule vipindi vimeshaanza. Mwaka huu ana mtihani. Mama Somoe alilitaja hilo mara moja tu, akarudi kwenye korosho.

Alhamisi, 24 Septemba

Nimempigia Bi Anitha, nikamchezeshea rekodi. Kaisikiliza mpaka mwisho. Kisha kasema maneno ya redio hayawezi kubadilisha alama za kitongoji. Mhakiki lazima afike, aone kwa macho yake maji yapo au hayapo, aandike. Ni sawa kabisa. Mimi pia ningekataa.

Atakuja mwenyewe Jumatano.

Nimefurahi kuliko inavyonipasa. Nimempa Mama Somoe taarifa kwa simu. Kauliza mambo mawili tu. Mgeni anakula nini? Atalala?

Jumapili, 27 Septemba

Masasi. Joto. Nimefua. Binti yangu Zuhura kapiga simu kutoka chuoni, kasema nimezidi kuongelea mabati.

Jumatano, 30 Septemba

Andika kwa mpangilio, Mama Zuhura.

Tulifika Chilende asubuhi, mimi, Komba na Bi Anitha. Binti mwembamba, mcheshi, viatu vyeupe. Alinisalimia shikamoo garini akaanza kunihoji mimi badala ya mimi kumhoji yeye.

Nilichokiona kwanza: maji. Pipa limejaa mpaka ukingoni. Madumu yamepangwa ukutani. Ndoo mpya yenye kata. Uwanja umenyunyizwa usitoe vumbi. Watoto wameogeshwa wanang'aa kwa mafuta. Mgeni akatengewa maji ya kuoga ya moto na ya baridi.

Nilielewa mara moja. Simu yangu ndiyo iliyoleta haya. Nimewaambia mgeni anakuja, nao wamefanya wanachofanya kwa mgeni.

Nikamwekea Mama Somoe kinasa sauti, nikamuuliza maji yakoje. Akanitazama bila kupepesa.

"Yapo. Mgeni hatakosa maji kwangu."

Nilimuuliza mara ya pili. Akajibu vilevile, kwa sauti ya juu zaidi. Bi Anitha akageuka, akaangalia pipa, akaandika kwenye simu yake. Nilisoma kwa juu ya bega. Maji yapo.

Ningeweza kusema. Sikusema. Kumwambia mgeni kwamba mwenyeji wake anadanganya, mbele ya majirani zake, pale pale uwanjani kwake, ni kumvua nguo. Nilipanga kumnong'oneza Bi Anitha wakati wa kurudi. Nilijua pia angenijibu: nimeona pipa kwa macho yangu.

Chakula kikaja. Ugali wa muhogo, kuku, kisamvu. Jirani mmoja akapita na birika na beseni kunawisha watu. Alipofika kwa Komba akamimina. Komba akavuta mikono nyuma.

"Sinawi! Nyie Wamakonde mmeanza lini kuwa na maji? Juzi nimeomba ya rejeta nimepewa mabibo!"

Kina mama wakatazamana. Halafu mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko. Komba akasimama, akamwendea Mama Somoe na mikono yake mikavu.

"Mtani, sema kweli mbele ya mgeni. Chilende nzima haijaoga tangu lini? Nasikia harufu mpaka kwenye kuku!"

"Mngoni mwizi wewe! Babu zako walikuja huku kuiba mbuzi, wewe umekuja kuiba siri!"

"Mbuzi walikuwa na kiu, tuliwaokoa!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kina mama wakapigana viganja. Mama Somoe akajaribu kununa, akashindwa, akafuta machozi kwa pembe ya khanga. Mtani ana ruhusa. Akisema yeye hakuna aliyevuliwa nguo. Ndipo Mama Somoe akasema mwenyewe, bado anacheka:

"Haya, mwanangu Anitha. Maji haya tumeyakusanya kijiji kizima tangu iliposemwa unakuja. Watoto wamekosa shule kwa kuyabeba. Sasa ningekukaribisha kwa vumbi? Ningeliweka wapi jina langu?"

Bi Anitha alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka kwa sauti isiyotoka. Alipopata pumzi akauliza swali moja, la maana kuliko yote niliyouliza mimi.

"Mnayatoa wapi? Nipelekeni."

Tukala upesi. Tukateremka bondeni na kina mama. Njia ni mteremko mkali, mawe yanateleza, miti ya kushikilia imeshakuwa laini kwa mikono ya watu. Bi Anitha akataka ndoo yake mwenyewe. Wakamfunga kata ya kitambaa kichwani, wakamtwika, wakamwimbia kama bibi harusi. Alifika juu ndoo ikiwa nusu, nusu nyingine mgongoni. Viatu vyeupe vimekuwa vyekundu. Walimpigia vigelegele.

Akakaa chini ya paa la Mama Somoe akitazama juu, kwenye mfereji wa bati. Kasema hivi, nimenakili:

"Kule nilikojifunzia kazi, bati linaonyesha uwezo. Huku linaonyesha kiu. Kama bati ni la kukingia mvua hapa, ni la kukingia mvua uwanda mzima."

Yaani Chilende haiko peke yake. Akafungua kompyuta palepale, akaanza kutafuta vitongoji vyenye bati jingi, bila bomba, mbali na chemchemi. Watoto wakamzunguka wakitaja nyumba zao kwenye picha. Akafuta alichoandika asubuhi. Nilimwona akifuta.

Lakini si yeye anayeamua. Wakubwa wake watakaa Ijumaa, siku ya mwisho.

Komba alinawa mwishoni kabisa. Maji kidogo mno. Mama Somoe ndiye aliyemimina.

Ijumaa, 2 Oktoba

Kimya asubuhi yote. Nimesoma habari za saa saba bila Chilende. Nimekunywa chai ambayo sikuitaka.

Mchana simu ya Bi Anitha haipatikani. Nimehariri habari ya maonyesho ya kilimo, nikakosea jina la wilaya. Sijawahi.

Alasiri ujumbe: Chilende imo. Wamekubali bati lihesabiwe upya kwa vitongoji vyote vya uwandani. Vingine vilivyoachwa vimeingia pamoja nayo. Kile cha bondeni hakikutolewa, kimeshushwa tu, maana shida zake nyingine ni za kweli. Nimehakikisha kwa kuwapigia wakubwa wake wawili kabla ya kuamini. Wote wamethibitisha.

Ndipo nikampigia Mama Somoe. Sikumaliza sentensi. Vigelegele vikaanza, simu ikawa inapita mkono kwa mkono, nikawa nasikia kuku, watoto, mtu anapiga bati kwa mti kama ngoma. Nilisimama katikati ya chumba cha habari nikicheka peke yangu. Mhariri akauliza kuna nini. Nikamwambia: habari ya kwanza saa kumi na mbili.

Komba anadai mbuzi. Eti deni la babu zake sasa limegeuka. Mama Somoe kamjibu kwamba atampa ndoo ya mabibo.

Jumapili, 4 Oktoba

Nimepanga rekodi. Ile ya Jumanne, ya mabati, nimeitunza, ndiyo iliyorushwa. Ile ya "Yapo" nilimuuliza Mama Somoe nifanyeje nayo. Kasema niitunze pia, siku maji yakifika itakuwa kweli.

Nimeitunza.

Mawingu kidogo upande wa Newala. Hayana kitu bado.

Wapimaji wa njia ya bomba watafika Chilende Jumatatu, 12 Oktoba, saa tatu asubuhi. Nitakwenda. Mama Somoe kaahidi hatakusanya maji. Komba hamwamini, kasema atabeba ya rejeta kutoka Masasi, na dumu moja zaidi kwa ajili ya mtani wake.